Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wasimbaji wa Magonjwa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu, sisi tunaogeuza magonjwa yaliyoandikwa na madaktari kuwa misimbo, kwa mwaka unaoishia leo. Kamati ilikutana mara 6, semina zilikuwa 3, jarida letu la ndani lilitoka mara 2 badala ya 4, na wanachama wapya 14 walipokelewa. Semina ya kwanza ilihusu pumu ya ngozi na soriasisi, yaani L20 na L40 kwenye ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Ya pili ilihusu vitiligo, L80, pamoja na ualbino, ambao wengi wetu bado tunautafuta kwenye sura ya ngozi ilhali uko E70.3, kwenye magonjwa ya umetaboli. Ya tatu nitaifikia. Mlikuwapo, au mlipaswa kuwapo, kwa hiyo sirudii.

Lililotuchosha mwaka huu ni mwongozo wa faili za ngozi. Kamati iliamua kwamba faili la mgonjwa aliyechukuliwa kipande cha ngozi kwa uchunguzi lisipewe msimbo wa saratani kabla majibu ya patholojia hayajafika. Sambamba na hilo tuliipiga marufuku ile karatasi ya misimbo ya haraka iliyokuwa ikipita mkono kwa mkono kwa miaka, iliyosema kidonda cha ngozi kisichopona ni C44.9. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nimeitwa mbabe. Imesemwa kwamba niliamua peke yangu. Muhtasari wa kikao unaonyesha wajumbe 5 kati ya 7 waliunga mkono, na yeyote anaweza kuuomba kwa katibu. Ni kweli rasimu niliiandika mimi, tena usiku, baada ya kazi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea.

Naomba mnisikilize kuhusu hiyo C44.9. Msimbo huo unasema mambo mawili: kwamba mgonjwa ana saratani ya ngozi isiyo melanoma (ile ya seli za rangi ya ngozi), na kwamba haijulikani iko wapi. La kwanza hatujalithibitisha. La pili ni uvivu, maana mara nyingi daktari ameshaandika pua, sikio au mgongo kwenye ukurasa uleule. Keratosisi ya seborea, L82, kiota cha ngozi kisicho saratani, huweza kufanana na melanoma hata mbele ya macho ya daktari mzoefu, na keratosisi inayoletwa na jua, L57.0, si rahisi kuitofautisha na saratani ya seli bapa inayoanza. Mwenye L82 akiandikiwa C43, msimbo wa melanoma, jina lake huenda likaingia kwenye rejista ya saratani, kampuni ya bima itamhesabu kuwa na melanoma, na majibu yakija tofauti hakuna anayekumbuka kurudi kufuta. Karatasi ya haraka haikumwonyesha msimbaji lolote kati ya haya. Haikutaja hata kwamba saratani ya ule wekundu wa mdomo wenyewe huenda C00, na C44.0 ni ya ngozi ya mdomo tu.

Waliopinga wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba majibu huchelewa na madai ya bima yanakwama. Naikubali, nami madai yangu yamekwama kama yenu. Lakini mwongozo haukusema faili lilale. Umesema tuandike kile kinachojulikana siku hiyo: kama daktari ameandika uvimbe wa ngozi na basi, iko R22, na majibu yakifika tunabadilisha. Anayesema mwongozo umezuia madai yote hajausoma ukurasa wa pili.

Hoja ya pili ni D48.5, msimbo wa uvimbe wa ngozi ambao tabia yake, yaani kama ni saratani au la, haina uhakika, na hapa nakiri palikuwa na mkanganyiko ambao sehemu yake ni yangu. Wenzetu wanaoshughulikia madai ya Marekani walisema D48.5 ni ya uvimbe ambao mtaalamu wa patholojia ameutazama kwa hadubini akashindwa kuamua tabia yake, na ule ambao haujachunguzwa huenda D49.2. Wako sahihi, kwa toleo lao. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani haina D49. Kuanzia D37 hadi D48 imechanganya tabia isiyo na uhakika na tabia isiyojulikana. Rasimu yangu ya kwanza iliandika D49.2 kana kwamba imo kwenye toleo letu. Ndugu mmoja, badala ya kunipigia simu, aliliweka kosa hilo kwenye kundi la wanachama wote pamoja na vikatuni vya kucheka. Lilisahihishwa ndani ya wiki moja. Bado linatajwa.

Mkanganyiko huohuo uko kwenye C44.3. Kwetu saratani ya seli za msingi na ya seli bapa zikitokea usoni zote ni C44.3, na tofauti inabaki kwenye msimbo wa mofolojia, ule wa aina ya seli, 8090/3 na 8070/3. Wamarekani wamezigawa, C44.31 na C44.32. Ndiyo sababu semina ya tatu niliielekeza kwenye tarakimu iliyo baada ya mkwaju: 0 si saratani, 1 haina uhakika, 2 haijatoka mahali pake, 3 imevamia, 6 imesambaa kutoka kwingine. Aliyeielewa tarakimu hiyo hachanganyi tena D03, melanoma isiyotoka mahali pake, na C43, kwa kuwa 8720/2 na 8720/3 zimeshamwambia. Slaidi 42 niliziandaa mwenyewe.

Walihudhuria watu 9, watatu wao wajumbe wa kamati. Chama kina wanachama 112. Katika mazoezi ya siku hiyo melanoma ya wayo, mahali inapojitokeza sana kwa watu wenye ngozi nyeusi, ilipewa C43.9, isiyotaja mahali, na zaidi ya nusu ya waliokuja, wakati C43.7, ya mguu, iko palepale. Nauliza tu: wale 103 wangeandika nini? Waliolalamika kwa sauti kubwa zaidi sikuwaona.

Ada nayo ni hivyohivyo. Waliolipa ni 47, na 21 wanadaiwa ya miaka miwili. Mhazini ametuma vikumbusho mara 3. Mmoja alinijibu kwamba atalipa mwongozo ukifutwa. Nimelipeleka jibu lake kwa kamati kama lilivyo.

Kuhusu mwaka ujao, ICD-11, orodha mpya inayochukua nafasi ya ICD-10, ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022 na hatuwezi kuikwepa daima. Humo saratani za ngozi zimetenganishwa: 2C30 melanoma, 2C31 seli bapa, 2C32 seli za msingi. Magonjwa ya ngozi yamehamia sura ya 14 na misimbo yake inaanza na E, jambo litakalowasumbua waliozoea kuona kisukari hapo. Tunatarajia kuandaa mafunzo hali ikiruhusu, na jarida, Mungu akipenda, lirudi kwenye matoleo yake 4.

Ajenda ya 7 ni kura kuhusu mwongozo. Nimeombwa nisiongoze kikao wakati huo, nami nimekubali. Makamu atakalia kiti. Nimemwomba aniweke wa kwanza kwenye orodha ya wazungumzaji, na zile slaidi 42 ninazo hapa.

Mwenyekiti