Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Mombasa: Mwalimu Hawezi Kufundisha na Kulinda Mlango Peke Yake

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi, mkaazi wa Kisauni, na ninakuandikia hadharani kuhusu jambo ambalo wazazi tumekuwa tukilinong'ona pembeni tu: usalama wa watoto wetu katika madarasa ya mtandaoni.

Likizo ya Aprili, darasa la binti yangu, Gredi ya 8, lilikuwa na kipindi cha Hesabu jioni kupitia Zoom. Mwalimu alikuwa akifundisha kwa simu yake mwenyewe na kwa bando alilonunua mwenyewe. Somo likiwa limepamba moto, akaingia mtu aliyejiandika jina la mmoja wa wanafunzi, akajaza skrini picha za uchi huku akitukana. Kwenye simu, mwalimu hawezi kuona somo lake na orodha nzima ya walio ndani kwa wakati mmoja. Ilibidi aliache somo, afungue orodha, ashuke jina baada ya jina. Akakuta majina mawili yanayofanana. Akatoa moja, kumbe aliyemtoa ni mwanafunzi wa kweli, na mhuni akabaki ndani. Mwishowe akafunga kikao chote. Yule mtoto aliyetolewa akaamka asubuhi wenzake wakimnyooshea kidole kwamba ndiye aliyefanya ule uchafu.

Shule haikutuambia wazazi neno. Nadhani ninaijua sababu, na ninaomba unisikilize hapa kwa makini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku tuisheni ya likizo. Kwa hivyo mwalimu mkuu akileta habari hii ofisini kwako, anakuwa amejishtaki. Basi watu hunyamaza, na mtoto aliyeona yale aliyoyaona hubaki nayo kifuani. Sikuombi ulegeze sheria ya tuisheni. Ninachoomba ni kwamba taarifa ya mtoto aliyedhuriwa ipokelewe kwanza, kwa mlango wake, na suala la likizo lifuatwe baadaye kwa njia yake.

Uvamizi wa aina hii si mgeni duniani. Shule zilipofungwa 2020 kwa sababu ya korona, ofisi ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mjini Boston ilitoa onyo tarehe 30 Machi mwaka huohuo kuhusu watu wanaovamia madarasa ya video. Mwezi uliofuata Singapore ikawasimamisha walimu wake kutumia Zoom kwa muda, baada ya somo la Jiografia kuvamiwa kwa picha chafu. Kampuni ya Zoom yenyewe ikafanya neno la siri na chumba cha kusubiri, pale anapongoja anayeingia hadi mwalimu amruhusu, viwe vinawaka vyenyewe kwenye akaunti za bure tangu Aprili 2020. Wengi tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha, kwa sababu adui mara nyingi si mtu wa mbali. Watafiti wa vyuo vikuu vya Binghamton na Boston, nchini Marekani, walichunguza miito ya kuvamia vikao iliyokuwa ikitupwa mitandaoni, na matokeo yao ya 2021 yakaonyesha kwamba sehemu kubwa ilitoka kwa watu waliokuwa na haki ya kuwa ndani, hasa wanafunzi. Mtoto anatoa linki na neno la siri, kisha anawaambia wageni watumie majina ya wenzake. Kikulacho ki nguoni mwako. Neno la siri litamzuia vipi mtu aliyepewa na mwenye nalo? Watafiti hao walisema kinga inayofaa ni kila mshiriki kuwa na njia yake mwenyewe ya kuingilia.

Chumba cha kusubiri nacho kinategemea macho ya anayekifungua. Tazama kinachomfikia mwalimu wetu saa moja jioni: "Tecno Spark", "Galaxy A05", "Mama Khadija", "Baba Juma wa Bamburi". Watoto wanatumia simu za wazazi, na jina linalotokea ni la simu au la mzazi. Mwalimu afanye nini? Anaruhusu wote. Akaunti ya bure ya Zoom nayo hukata kikao cha kundi baada ya dakika 40, darasa zima linarudi mlangoni kwa mpigo, na hapo hakuna anayekagua kitu. Akaunti hiyohiyo ya bure haimruhusu mwalimu kumpa mwenzake usaidizi wa uenyeji, yaani uwezo wa kuruhusu na kutoa watu pamoja naye. Yuko peke yake.

Getini mwa shule yoyote hapa Mombasa, mgeni huandika jina kwenye kitabu cha soja kabla ya kupita, na hatumwambii mwalimu wa Hesabu aache ubao akakae getini. Mtandaoni tumemwachia kazi zote mbili.

Ofisi yako inaweza kulibadilisha hili. Google hutoa bure toleo la msingi la mfumo wake wa elimu kwa shule zinazokubaliwa, na ndani yake mna vikao vya video vya hadi watu 100. Mwanafunzi huingia kwa akaunti aliyofunguliwa na shule, kwa jina lililoandikwa na shule, na asiye na akaunti hiyo hubaki nje akibisha. Shule nyingi zetu hazina mtu wa kuufungua mfumo huo na kuutunza. Teua maafisa wawili watatu wazunguke Likoni, Changamwe, Jomvu, Nyali, Kisauni na Mvita wakiwasaidia walimu wakuu wa shule za umma na za binafsi. Idhini ya wazazi ichukuliwe kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kwa data za watoto.

Na toa waraka: hakuna darasa la mtandaoni bila mtu mzima wa pili, mwalimu au mzazi aliyeidhinishwa na shule, ambaye kazi yake ni mlango na orodha tu. Wazazi wapo tayari. Mimi ni mmoja wao. Waraka huo useme pia kwamba uvamizi ukitokea, wazazi waambiwe siku hiyohiyo na watoto wapate mshauri nasaha. Pale ambapo data za watoto zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya madhara, sheria inampa mwenye kuzihifadhi saa 72 kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data. Walimu wakuu wakumbushwe hilo.

Ninaomba waraka huu ufike shuleni kabla ya likizo ijayo. Ukitaka kuonana nasi wazazi, tuite. Tutakuja ofisini kwako siku utakayopanga.

Wako mwaminifu,
Mzazi, Kisauni