Kulwa na Doto wa Kampala

Mpendwa Neema,

Hongera sana, mama pacha! Pole kwa uchungu, na tunamshukuru Mungu wote watatu mko salama. Sisi huku hatujambo. Goti la baba mdogo limepata nafuu, Mariamu kahamia Nyegezi, mengine atakusimulia mwenyewe.

Nimekaa kimya mno, najua umenisema. Leo naandika kwa sababu ya mama yako. Kaja kwangu jana usiku moja kwa moja kutoka sokoni Mwaloni, harufu ya dagaa haijamtoka, na kabla hata hajavua kandambili kaanza: "Mwenzio kawaita wajukuu zangu Wasswa na Nakato. Kulwa wangu yuko wapi? Doto wangu yuko wapi?" Chai nikamwekea, ikapoa pale pale.

Sasa nisikilize. Simlaumu shemeji hata kidogo. Mtoto wa Muganda ni wa ukoo wa baba yake, na jina la ukoo atapewa huko huko kwa kina baba. Hilo mama analikubali. Ila Wasswa na Nakato si majina ya ukoo. Ni ya pacha, na Muganda wa ukoo wowote anayatumia: wa kiume akitangulia ni Wasswa, akifuata ni Kato, wa kike akitangulia ni Babirye, akifuata ni Nakato. Ndiyo maana naona nafasi ipo. Kulwa na Doto nayo hayachagui ukoo. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, awe wa kike awe wa kiume, basi. Yanagombania nini?

Nilimwambia mama kwamba ukilizunguka ziwa letu hili, kila unapofika pacha wana majina yao. Panda meli ya Bukoba, utawakuta Wahaya na Ishengoma na Kato, Kato yule yule wa Kampala. Pita upande wa Musoma mpaka Kisumu, Wajaluo wana Opiyo na Odongo, na wa kike Apiyo na Adongo. Hata anayezaliwa nyuma ya pacha hasahauliki: kwetu Shija, kwa Wajaluo Okelo, kwa Waganda Kizza. Akatulia kidogo. Kisha akasema, "Sawa, lakini mimi ni Msukuma." Nikakosa la kujibu.

Maana shida yake si Wasswa, Neema. Anaogopa wajukuu watakuja huku likizo, watu wawaite Kulwa na Doto, wao wasiitike. Na kuitwa wataitwa tu, unapajua kwetu. Unamkumbuka Kulwa wa darasani kwetu, aliyebatizwa Frederick? Mwalimu akisoma jina hilo kwenye mahudhurio, darasa zima linageuka kumtafuta huyo Frederick ni nani.

Mtoto mmoja kubeba majina mengi si jambo geni. Kofi Annan, yule wa Umoja wa Mataifa, alikuwa pacha, yeye na dada yake Efua, waliozaliwa Kumasi, Ghana, mwaka 1938. Kwao mtoto huitwa kwa siku aliyozaliwa: Kofi na Efua kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na juu yake wote wawili wakaitwa Atta kwa sababu ya upacha. Siku na upacha vyote vikaingia, na bado jina la baba likapata pa kukaa.

Ee, na lile la nani mkubwa, shemeji asiliguse mbele ya mama! Nilimsimulia kwamba kwa Wayoruba wa Nigeria anayetangulia ni Taiwo na anayefuata ni Kehinde, lakini mkubwa ni Kehinde, kwa kuwa ndiye aliyemtuma mwenzake atangulie kuionja dunia. Alikataa katakata. Kulwa ndiye mkubwa, mjadala umefungwa.

Ninachokuomba ni hiki: kama hamjaandikisha, wawekeni Kulwa na Doto kwenye vyeti, nyuma ya hayo mengine. Kama mmeshaandikisha, basi wewe mwenyewe uwaite hivyo ukiwanyonyesha, ukiwaogesha, wayazoee tangu sasa. Najua huko hakuna tena anayekuita Neema, ni Nnalongo, mama pacha, kila kona, na shemeji ni Ssalongo, baba pacha. Nimelifurahia jina hilo kuliko unavyodhani. Lakini mama naye apate lake.

Vyeti vimetoka? Jina la ukoo wamepewa lipi? Maziwa yanawatosha wote wawili, na usiku nani anakusaidia? Ile sherehe ya pacha ya Kiganda itafanyika lini, na mama wa mzazi anatakiwa awepo? Nauliza kwa sababu keshanunua doti mbili za kanga, sare, na anataka kwenda mwenyewe kwa meli mpaka Bukoba, kisha basi kupitia Mutukula. Aje sasa au asubiri? Nijibu upesi, kabla hajakata tiketi.

Wako,
Dada Tabu