Ile picha ya mnara wa saa niliisifia mimi

Mdogo wangu,

Jina lako silitaji. Ukisoma mistari miwili tu utajijua.

Krismasi tulipopanda Marangu, bibi alikushika kiganja akashtuka: "Mbona wa baridi hivi?" Jua linawaka, wewe umevaa sweta mbili. Mtori wake ukauzungusha kwa kijiko mpaka ukaganda, kisha bakuli ukamsogezea mtoto wa jirani. Bibi alinyamaza, na wewe unajua bibi akinyamaza. Kwake mtori ni chakula anacholishwa mzazi aliyetoka kujifungua. Anayeusukuma pembeni ama anaumwa ama amenuna.

Usiku ndipo nilipokuona. Umejifunika gubigubi, mwanga wa simu unapenya kwenye shuka, unatazama watu wakipika. Pilau, keki, kuku wa kukaanga, tena na tena. Nikajiuliza, mtu aliyeshinda akikataa chakula anatafuta nini humo?

Jibu nimelikuta mbali sana na Moshi. Mwaka 1944 huko Marekani, vita ikiwa haijaisha, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza jaribio na wanaume 36 waliojitolea, wenye afya zao. Kwa wiki 24 walipunguziwa chakula karibu nusu, ili ijulikane jinsi ya kuwarudisha hali watu walioshinda na njaa. Simu hawakuwa nazo. Lakini waliota chakula, baadhi yao wakakusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya, wakawa wanasikia baridi, wanakasirika ovyo, wanajitenga.

Nilipofika hapo kwenye baridi nikakumbuka sweta zako, nikaacha kusoma kwanza.

Kwa hiyo usiniambie tena huna nidhamu. Ni njaa hiyo, mwili unadai chake. Simu nayo, ikiona umetulia kwenye mapishi, inakuongezea mapishi, halafu inakupachikia msichana wa kiuno cha nyigu, halafu mapishi tena. Haijali umekula au hujala. Na wenye duka walijua: nyaraka za ndani za Facebook, wenye Instagram, alizovujisha Frances Haugen aliyekuwa mfanyakazi wao, mwaka 2021 zilionyesha asilimia 32 ya wasichana wa umri wa sekondari wakisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia.

Lakini siwezi kuitupia simu lawama zote. Ile picha uliyopiga pale mnara wa saa, nani aliandika chini yake "figa imekaa, hapo hapo usiachie"? Mimi, dada yako, nikaongeza na vimoto vitatu. Baadaye ndiyo ukaniambia siku ile ulikuwa na chai ya rangi tu tumboni tangu jana yake. Nisamehe. Yule kijana wa mizani karibu na stendi siku hizi anakuita "mteja wangu". Hata yeye amekuona kabla yangu.

Jumamosi natoka Arusha na Coaster ya asubuhi, nina ndizi mshare na nyama. Nitapika hapo kwenye chumba chako. Sikulazimishi kumaliza sahani, na sitahesabu vijiko. Jumatatu nimeomba ruhusa kazini, twende wote hospitali ya KCMC tukaonane na watu wa afya ya akili. Nitakaa nje kwenye benchi ukitaka, au niingie nawe.

Sweta njoo nazo zote mbili.

Dada yako