Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Karata za Vienna na Ugomvi wa Ghulamu

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Hesabu atazisoma mhazini. Langu ni moja tu: ada zinachechemea, na wanaodaiwa wanajijua.

Fedha nyingi mwaka huu tumenunulia nakala ya kisasa ya karata za Hofämterspiel, yaani mchezo wa vyeo vya ikulu. Zenyewe za asili zilichapwa kwa vibao vya mbao karibu mwaka 1455, zikatiwa rangi kwa mkono, na leo zimo katika jumba la makumbusho la Kunsthistorisches, Vienna, zote 48. Humo hukuti kopa wala shupaza. Kila kundi lina ngao ya ufalme wake: Ujerumani tai mweusi, Ufaransa mayungiyungi ya dhahabu, Bohemia simba mweupe, Hungaria milia. Chini ya mfalme na malkia wamepangwa watu wa ikulu kwa namba za Kirumi. Kumi ni msimamizi mkuu wa nyumba, moja ni mchekeshaji, na katikati yao utamkuta hata mpishi, kinyozi na mfinyanzi. Serikali nzima mkononi mwa mchezaji!

Muuzaji wa kwanza alituletea pakiti pungufu, tukazungushana naye miezi mitatu kabla ya kurudishiwa pesa. Msamaha wangu kwa waliosubiri.

Kikao kilichochangamka zaidi kilikuwa cha kumjadili Finé de Brianville, Mfaransa aliyetoa karata za kufundishia nembo za koo huko Lyon, karibu mwaka 1659. Nembo za wakuu kadhaa aliziweka kwenye ghulamu (J, karata ya mtumishi) na ree (A). Balaa! Mkuu gani akubali ngao ya ukoo wake ibebwe na mtumishi? Sahani za kuchapia zikakamatwa, naye akabadili majina: wakawa wana wa wafalme na mashujaa wa farasi, karata zikaendelea kuuzwa. Sisi tunaoita karata ile ghulamu tangu utotoni hatukuhitaji kufafanuliwa uchungu wao.

Katibu anataka pakiti yetu ifungiwe kwenye kabati la kioo. Nimemsikia, na sikubaliani naye. Hii ni nakala, tena tumeilipia. Kanuni za mchezo wake wa asili hazikuhifadhiwa, basi tutajitungia zetu Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya magharibi. Mikono ioshwe, na kahawa ibaki barazani.