Shukrani kwa mzee wa kanzu tuliyemkuta Makumbusho ya Lamu

Mzee wangu, shikamoo. Sikuuliza jina lako, na tangu Jumamosi jambo hilo linanikera. Mimi ndiye mwalimu niliyekuwa na watoto wa darasa la sita mbele ya zile siwa mbili, yaani baragumu kubwa za kupuliza, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba.

Nilikuwa nimeshawaeleza kwamba siwa ilipulizwa kwenye harusi za wakubwa na mfalme alipotawazwa, tena siwa ya Pate ina umri wa miaka zaidi ya 300. Walinisikiliza kwa adabu tu. Wewe ulikuja na fimbo yako, ukawaonyesha lile tundu la kupulizia lililo ubavuni, si nchani kama walivyodhani, ukakunja mikono mdomoni ukatoa sauti nzito iliyowasimamisha wote.

Kisha ukamuuliza binti aliyejitenga nyuma, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka bara: "Na kwenu, mjukuu wangu, hupulizwa nini?" Akanong'ona kwamba bibi yake humtajia coro, pembe ya mnyama ya Wakikuyu. Ukavua kofia, ukasema, "Basi nawe umekuja na siwa yenu." Mzee, mtoto yule alikuwa hasemi darasani. Jumatatu alichora siwa tatu kwenye daftari, coro ikiwa katikati.

Ahsante sana, baba. Ukipita karibu na shule yetu, ingia. Watoto wanakuulizia.