Usiivute kavu

Lindi, Jumatano usiku

Baba Mwanahawa,

Assalaam aleikum. Huku wazima, ila kusi limetufungia bahari. Salamu nyingine atakuletea mama Chausiku, anashuka Ijumaa. Mimi naandika mbio kwa ajili ya lile neno lako la jana kwenye simu, kwamba mashine yako ya boti imeshafika Mikindani na "nitaivuta kidogo tu uani nisikie sauti".

Usiivute kamba ya kuiwasha. Hata mara moja. Impela, kile kigurudumu chenye mapezi kinachopandisha maji ya kuipoza mashine, ni mpira, na inazunguka ndani ya kikombe cha chuma. Kinachoilainisha ni maji yale yale inayoyapandisha. Ikizunguka kavu, sekunde chache tu mapezi yameungua. Papo hapo hutaona kitu. Utajua ukiwa nje ya ghuba, mashine inachemka nawe unatafuta kasia.

Tafuta pipa la lita 200. La plastiki ndilo zuri, unalikata mdomo kwa msumeno wa mkono. La chuma lililowahi kubeba petroli usimpelekee mwenye grainda: likiwa tupu ndiyo hatari zaidi, maana mvuke umebaki ndani, na cheche moja ni bomu. Kisha chimbia nguzo mbili za mti mgumu, kaza ubao wa inchi 2 katikati, ning'iniza mashine hapo. Farasi 15 inakaribia kilo 40 na inatikisika, kwa hiyo kaza vibano kwa mkono wa nguvu, halafu ufunge na kamba. Inua mguu wa mashine, ile sehemu ya chini yenye pangaboi, sogeza pipa chini yake, ushushe. Jaza maji mpaka yapite lile bamba la mlalo lililo juu ya pangaboi, yapite vidole vinne. Najua yule bwana wa Shangani atakwambia habari ya masikio ya mpira, yale yanayobana matundu ya kunyonyea maji, na hozipaipu. Sawa, lakini maji ya bomba yakikatika katikati umerudi kule kule, kavu.

Pangaboi litoe kabisa. Kwanza chomoa kofia za plagi, ili hata ukilizungusha mashine isije ikashika. Ndipo utoe pini, nati na washa zake, uvipange kwenye bakuli kwa mfuatano wake. Na gia usiingize humo pipani.

Lakini mashine iliyokwisha tumika hujui imelala miaka mingapi, kwa hiyo badilisha impela kabla ya kuiwasha. Nakutumia moja na plagi mbili kwa basi la kesho asubuhi, ukapokee mwenyewe. Ukishaachanisha fimbo ya gia na kulegeza bolti, mguu unashuka. Fungua nyumba ya pampu, uhesabu mapezi ya impela ya zamani. Kama limepungua moja, halijapotea, liko juu kwenye njia ya maji, litafute. Usisahau kile kipande kidogo cha chuma kinachoishika impela kwenye shafti, kinapenda kuangukia mchangani. Paka maji ya sabuni, bonyeza nyumba ya pampu huku ukizungusha shafti kufuata saa, mapezi yalale upande unaotakiwa. Unaporudisha mguu, hakikisha bomba la maji limeingia kwenye tundu lake juu ya pampu. Hapo ndipo mafundi wengi huaibika: pampu mpya, maji hayaji.

Oili ya gia: ikitoka nyeupe kama tui, maji yanaingia, sili imekwisha. Mpya unaijaza kutokea tundu la chini mpaka ichungulie la juu.

Petroli, kwa kuwa ni ya kuchanganya, 50 kwa 1. Chupa ya maji ya nusu lita ikijaa oili ni ya lita 25. Dumu lako la 20 linataka mililita 400. Iwe imeandikwa TC-W3, ndiyo oili ya mashine za boti. Oili ya bodaboda waachie wenye bodaboda.

Siku ya kuwasha, uwe uani kweupe, mbali na jiko la mkaa na watoto, si bandani. Moshi ule una hewa isiyo na harufu, inaua mtu kimya kimya. Gia iwe huru, kamba ya kuzimia kiganjani. Na vaa suruali! Msuli na gurudumu la juu lililo wazi havipatani.

Ikishika, macho kwenye tundu la maji. Nusu dakika haijakojoa, zima. Kwanza chokoa tundu lenyewe kwa mshipi, nyigu wa udongo hupenda kujenga humo. Kisha tone la maji juu ya kichwa cha silinda: likichemka na kuchacharika, zima, haina mjadala.

Sasa hiyo sailensa, yaani mzunguko wa mashine ikiwa haijaongezewa moto, unayotaka kuirekebisha, naijua hamu yako ya bisibisi. Funga skrubu ya kabureta taratibu mpaka ikae, ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uirudishe. Usiikaze mwisho, ncha yake inaharibika. Mashine ikipata moto, sogeza robo robo. Ikikohoa unapoiongezea moto, mafuta ni haba. Ila mara nyingi kosa si skrubu, ni petroli ya zamani iliyoganda kwenye vijitundu vya kabureta. Safisha kwa mshipi mwembamba, si waya, waya unapanua.

Na usimalizie pipani. Mle maji yanajaa povu la moshi, mashine inavuta moshi wake yenyewe, na haina mzigo. Ukiipa mwendo wote bila pangaboi inapitiliza mizunguko na kujivunja. Pipa ni la kuangalia maji na moto tu. Sailensa maliza baharini, pangaboi limerudishwa, maji yakiwa yamejaa, boti imefungwa gatini, gia imeingia. Halafu fungua boti, enda mwendo mkubwa dakika chache, zima ghafla, chomoa plagi: rangi ya chai ya maziwa ni njema, nyeupe inaungua, nyeusi ya majimaji imeshiba mno. Nanga na makasia yawemo.

Sasa nijibu. Mguu ni mfupi au mrefu? Kwenye plagi zilizomo pameandikwa nini? Hizi zangu ni B7HS-10, pengo milimita moja. Kama zako ni tofauti usizifunge kwanza. Aliyekuuzia alisema kwa nini anauza? Na shemeji kakubali hilo pipa lake la maji ya mvua, au ndiyo umeshalipigia hesabu bila kumwambia?

Wako,
Baba Rehema

Maji ya pipa yatakuwa na oili, usiyamwage karibu na kisima.