Barua kwa mdogo wangu aliyeitoa matumbo mashine ya Mjomba

Mdogo wangu,

Nilikusudia kukuandikia kwenye simu, kama tunavyoandikiana habari za harusi na za wagonjwa, lakini kila nilipoanza ujumbe ulirefuka mpaka nikaona haya kuutuma, nikaufuta. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu wewe ndiye uliyelianza jambo hili mbele za watu, pale ulipoweka picha za mashine ya gemu ya Mjomba, ukapongezwa na watu ambao hawakuwahi kukaa kwenye mkeka wa Bibi. Usinune kabla hujafika mwisho. Nimekasirika na nimekukumbuka kwa pamoja, na sikuweza kuyatenganisha mawili haya ili nikupe moja.

Nianze kwa kukupa haki yako. Kazi uliyoifanya ni safi. Tundu la HDMI nyuma, la waya wa TV za siku hizi, umelikata kwa unyoofu ambao hata fundi wetu, Mungu amrehemu, angelipitisha kidole juu yake na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ganda umelisafisha hadi ile duara iliyoinuka juu inang'aa, na maandishi ya dhahabu ya 16-BIT yanasomeka kama siku Mjomba alipoifungua kutoka kwenye boksi. Nilipoiona mara ya kwanza mkononi mwako, kabla hujaiwasha, nilitaka kulia kwa furaha. Nataka ulijue hilo, maana baadaye ulimwambia Mama kwamba nilikuja na kinyongo tangu mlangoni.

Wewe ulikuwa na miaka sita mwaka ule wa 1992, na mengi unayoyakumbuka umeyapata kwetu. Mjomba aliinunua Yokohama meli yao ilipotia nanga, akidhani kwamba mashine ni mashine, popote utakapoichomeka itafanya kazi. Ilikuwa Mega Drive, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega, ya Wajapani. Adapta yake ilitaka volti 100 na ukuta wetu ulikuwa na 230, kwa hiyo kabla hatujaona chochote ilibidi itafutwe transfoma, ile iliyonguruma chini ya meza ukaipa jina la paka. Tulipopitisha waya kwenye deki ya video na kuwasha, picha ilikuja ikipanda juu bila kusimama, na Mjomba alipoizungusha swichi ya nyuma ya TV ikatulia, Sonic, kalunguyeye wa gemu yetu, alikuwa wa kijivu. Bahari ilikuwa ya kijivu, majani ya kijivu, pete za dhahabu za kijivu. Kisiwa chetu cha Unguja kilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara hawakuwa hata na kituo kimoja mpaka 1994, na sisi tulikaa miezi minne tukimtazama kalunguyeye wa kijivu akikimbia kwenye nyasi za kijivu, huku rangi zake tukizisoma ubavuni mwa boksi.

Nilijua sababu kwa kuwa nilikwenda mwenyewe kwa fundi redio, nikakaa kwenye kibao chake alasiri nzima, mtoto wa kike wa miaka kumi na moja ambaye kila mteja alimwuliza ametumwa nini. Fundi alinieleza polepole. Japani wanatuma rangi kwa njia yao, ya NTSC, kwa masafa ya megahezi 3.58, na TV zetu za PAL zinaisikilizia rangi kwenye 4.43. TV ya Bibi ilikuwa inaona mwanga na kivuli, lakini rangi ilikuwa inazungumzwa kwa lugha ambayo haikuifahamu. Akatafuta TV iliyokufa, akachomoa kristali ya 4.43, akaitengenezea sakiti ndogo isiyozidi ukubwa wa kidole gumba, akailehemu kwenye chipu inayotoa picha. Kristali ilining'inia. Akaniuliza kama nyumbani kuna uzi imara, nikakimbia kuleta uzi mwekundu wa cherehani ya Bibi, akaifunga kwa mizunguko saba. Niliihesabu mimi mwenyewe nikiwa nimemshikia tochi.

Jambo ambalo hukuliuliza kamwe, wala mimi sikukueleza, ni kwamba fundi alibadilisha rangi bila kugusa mwendo. Mashine za Ulaya zilichora picha mara 50 kwa sekunde, za Japani mara 60, na watengenezaji wengi hawakujisumbua kurekebisha tofauti hiyo, kwa hiyo gemu ileile, na muziki wake, ilikwenda pole zaidi Ulaya. Yetu ilibaki na 60 yake. Binamu alipokuja kutoka London likizo ya mwaka uliofuata, akiwa amejaa maringo na kaseti zake tatu za gemu, alicheza Sonic dakika mbili akasimamisha pedi na kuuliza tumemfanya nini, mbona anakimbia hivi. Mjomba alicheka mpaka akashika ubavu. Aliisimulia hadithi ile kila mgeni alipokaa chini, kwamba Unguja kuna Sonic anayemwacha wa London, na sasa naona kwamba katika miaka yake yote ya ubaharia hicho ndicho kitu kimoja alicholeta nyumbani kikawa bora zaidi kuliko alivyokinunua.

Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, tulicheza kwa hedifoni ili Bibi asisikie. Mashine ile ya toleo la kwanza ina tundu la hedifoni mbele, pamoja na kile kitelezi cha sauti, na humo ndimo sauti ilimotoka kwa pande mbili, maana waya wa picha nyuma ulitoa upande mmoja tu. Sikio moja langu, jingine lako. Katika Sonic ya pili wewe ulikuwa Tails, mwenzake Sonic, siku zote, ukilalamika, nami nikikuambia kwamba Tails ndiye mwenye bahati, kwa sababu akianguka shimoni anarudi akiruka angani, lakini Sonic akifa kila kitu kinasimama. Ulisema mwaka jana kwamba nilikuwa nakudanganya ili nisikupe zamu. Ni kweli nilitaka zamu yangu. Lakini kuhusu Tails sikukudanganya.

Mjomba aliitunza. Wakati Unguja nzima ilipokaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, aliifunga kwenye kanga na kuitia kabatini, na umeme uliporudi hakuiruhusu ichomekwe wiki nzima, akisubiri umeme uache kutetemeka. Friji ya jirani iliungua. Mashine haikuungua.

Sasa nifike pale ninapokwepa. Ulipokuja kwenye maziko ya Mjomba uliomba uichukue Muscat ukaisafishe kutu, maana hewa ya chumvi ilikuwa imeanza kuila, nami ndiye niliyeipakia, ndani ya shuka mbili. Usiku wa arubaini, baada ya hitima, wageni walipopungua, ulituita sote sebuleni chini ya picha yake. Watoto walikaa mbele. Uliisukuma swichi, na taa ambayo ilikuwa nyekundu kwa miaka ishirini na saba ikawaka buluu. Kwenye TV pana ikatokea orodha ndefu, gemu elfu na ushee, ukaichagua Sonic kwa kuniheshimu, nami nakushukuru kwa hilo. Halafu muziki ukaanza. Nilijua kabla picha haijatokea. Ulikuwa wa polepole. Programu yako uliipangia Ulaya, mdogo wangu, na yule wa Mjomba aliyemwacha wa London alikuja mbele yetu akikokota miguu, usiku wa arubaini yake, na watoto wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono kwenye kitelezi cha sauti kwa mazoea tu, ili mkono upate la kufanya, nacho hakikuteleza. Ulikuwa umekigandisha kwa gundi. Nikaelewa kwamba ndani hamna kitu, kwamba kuna Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama sanduku la kiberiti, iliyokaa kwenye ganda tupu kama kaa mtawa kwenye kombe la konokono. Nikaenda jikoni kuosha masufuria ambayo yalikwisha kuoshwa.

Ulinifuata, ukauliza kuna nini, nikasema moshi. Ukaniambia kwa upole, na upole wako ndio uliozidi kuniumiza, kwamba ndani ni gemu zilezile, zaidi ya zile, na kwamba ile bodi ya zamani ilikuwa imeoza. Ulisema imeoza. Mimi nilikuwa nimeiwasha siku tatu kabla ya kukukabidhi.

Kwa hiyo niruhusu nikupe ushauri ambao ningeutoa kama ungeniuliza. Kutu ya kwenye meno ya kaseti hutoka kwa spiriti na pamba ya masikio, wala haikutibiwa kamwe na kule kupuliza kwetu, ambako kuliongeza mate na unyevu tu, na kaseti ilikubali kwa sababu tuliichomoa na kuichomeka upya. Kapasita zilizovimba hubadilishwa moja moja. Kama ulitaka gemu elfu, zipo kaseti za siku hizi zinazochukua kadi ya kumbukumbu, unaiingiza juu kama kaseti yoyote na bodi inabaki salama. Kama ulitaka TV pana, kipo kifaa cha kugeuza picha kinachokaa nje, kwenye waya. Yote uliyoyataka yalipatikana bila kutoa skrubu hata moja. Anayefungua mashine ya mtu mwingine aingize kinachokosekana, asitoe kilichopo. Fundi aliongeza. Mimi pia, nilipoigusa, niliigusa ili ifanye zaidi.

Na najua utakachojibu, kwa sababu ulikuwepo. Ndiyo, ni mimi niliyepasha kisu kwenye jiko la mkaa na kukata kile kiulimi cha plastiki kilichoingia kwenye kaseti mashine inapowashwa. Kaseti za binamu hazikuwa na pengo la kukipokea kiulimi kile, kwa hiyo swichi ilikataa kusogea, naye alikuwa anaondoka baada ya siku nne. Nilikata kipande kisichozidi ukucha. Mjomba alinuna siku nzima, kisha jioni akacheza kaseti ya London hadi saa sita. Huwezi kuvilinganisha vitendo hivi viwili. Mimi nilikuwa mtoto, na nilikuwa nikifungua mlango.

Lakini kwa kuwa nimeanza kusema, niseme. Uliniuliza ulipokuwa unaifungua, kwa ujumbe wa sauti, kile kibati kilichofungwa chini ya mashine ni cha nini, nami nikajibu kwamba sikumbuki. Nakumbuka. Kibati kile kilikuwa cha kuishikilia Mega-CD, ile mashine ya diski iliyokaa chini yake na kuunganishwa ubavuni, iliyotaka adapta yake yenyewe na transfoma yake yenyewe, ambayo Mjomba aliileta safari ya 1993. Wajapani waliiuza kwa yeni 49,800, zaidi ya bei ya mashine yenyewe, na baharia wa cheo chake hakuipata hela hiyo kwa wiki moja. Ilikuwa na gemu mbili. Sega wenyewe waliichoka mapema: Novemba 1994 waliuza Marekani kiongezo kingine cha kupachikwa juu, 32X, na mwezi huohuo wakaanza kuuza Saturn kule Japani, mashine mpya kabisa iliyokifanya kiongezo kionekane kizee kabla hakijatoka dukani. Kwa hiyo nilipoiuza Mega-CD, mwaka 1998, Mjomba akiwa baharini, nilijiambia kwamba nauza kitu kilichokwisha kuachwa na walioiunda. Nilisema ni kwa ajili ya tuisheni yako ya hesabu, na tuisheni ililipwa, miezi mitatu. Iliyobaki nilinunua viatu vya kuvaa Idi.

Mjomba aliporudi alitazama nafasi ile kwenye rafu, akaniuliza kama viatu vinanibana, nikasema hapana. Hatukulizungumza tena. Hakukitoa kibati. Kila mwaka alipoisafisha alikaza zile skrubu.

Labda ndiyo maana nilikwenda kuosha masufuria safi. Labda, lakini wimbo bado ulikuwa wa polepole na kitelezi bado kimegandishwa, na hayo si yangu.

Sasa sikiliza. Katika picha ya tatu uliyoiweka, nyuma ya bisibisi zako, pembeni ya kikombe, naiona bodi. Nimeikuza picha mpaka ikapasuka, na uzi mwekundu upo. Kama bado iko hapo mezani, au kwenye boksi la waya, usiitupe na usiipe mtu. Shangazi anarudi Unguja mwezi wa Shaabani. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, usitumie mfuko wa nailoni, usiifunge kristali kwa gundi hata kama unaiona inacheza, na umwambie Shangazi aiweke kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kibati na skrubu zake. Ganda baki nalo, watoto wako wamelizoea. Mimi nitatafuta jingine, lililovunjika hata, lenye kitelezi kinachotembea. Transfoma ninayo chini ya meza, na bado inanguruma.

Na ukifungua ile programu yako, ingia palipoandikwa eneo, ondoa Ulaya, weka Japani. Fanya leo, watoto wasije wakadhani alikuwa anakwenda vile.

Dada yako